Katekista Aliyebaki Kwenye Benchi

Tharsisi alikuwa katekista wa kigango cha Mtakatifu Yosefu kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo, kumi na sita aliumwa tumbo. Haukuwa ugonjwa wa kumlaza kitandani. Ulikuwa ugonjwa wa kumkatiza maneno. Yuko mbele anafundisha watoto wa komunyo ya kwanza, mara anafunga daftari, anatoka nje kwa hatua za haraka, na watoto wanabaki wakitazamana mpaka arudi.

Kigango chake kiko nje ya mji wa Kibondo, mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli kwa mtu mwenye nguvu. Mwanzoni Tharsisi alitumia saa moja na nusu. Baadaye saa mbili, kisha mbili na nusu, kwa sababu damu ilikuwa inapungua mwilini na kila kilima alilazimika kushuka na kuisukuma. Alitibiwa minyoo, amiba, taifodi na vidonda vya tumbo. Alipimwa virusi vya UKIMWI mara tatu, na mara tatu akaambiwa hana, ingawa wapo waliomtazama mashavu yaliyobonyea wakaamua kuwa mashine ilikosea.

Katekista ni mgeni wa kila nyumba. Akienda kufundisha wachumba, huletewa chai. Akienda kwenye msiba, chai. Na chai ya katekista haiji na muhogo wa kuchemsha. Muhogo ni wa wenyeji. Yeye hukaangiwa maandazi, na nyumba yenye uwezo humpikia chapati. Hivyo kadiri watu walivyompenda ndivyo alivyozidi kuumwa, na hakuna aliyejua, hata yeye.

Jambo moja tu alilitambua. Kila Kwaresima alipata nafuu. Kwa siku arobaini aliacha chai na vitafunwa vyake vyote, akala ugali wa muhogo na maharage jioni, basi. Wiki ya tatu tumbo lilikuwa limetulia, na mwisho wa Kwaresima aliweza kupanda kilima cha mwisho bila kushuka kwenye baiskeli. Aliichukua kuwa ni neema. Alihubiri hivyo, kwamba mfungo unaponya mwili na roho, na waumini walimwona uso umejaa wakakubali.

Pasaka ya mwaka juzi alikwenda kuila Kasulu, kwa mwanawe Nestori, mwalimu wa sekondari. Mke wa Nestori alifurahi kumpata baba mkwe, akamsukumia chapati laini za tabaka tabaka. Siku ya tatu Tharsisi hakuweza kusimama. Wiki ileile redio ilikuwa imetangaza kwamba madaktari bingwa wanakuja hospitali ya wilaya Kibondo, basi Nestori akamkodia gari baba yake na kumrudisha Kibondo amelala kiti cha nyuma.

Daktari aliyemwona alikuwa mama mfupi mwenye hijabu ya kijivu na sauti ndogo, Daktari Shadia. Alisoma daftari lote la kliniki, ukurasa kwa ukurasa, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Baba, ni wakati gani unajisikia vizuri?"

Tharsisi alifikiri. "Kwaresima, daktari."

Daktari akaweka kalamu mezani. "Kwaresima unaacha nini?"

"Chai na sukari. Maandazi. Chapati, mkate."

"Na Pasaka hii umekula nini?"

Nestori ndiye aliyejibu. "Chapati nne, daktari. Mke wangu alifurahi sana."

Daktari Shadia aliandika barua ya rufaa kwenda Mwanza, akamwambia jambo lililomshangaza: asiache kula vyakula hivyo mpaka apimwe, maana akiacha mapema kipimo kinaweza kisione kitu. Kwa hiyo Tharsisi alisafiri na Nestori mpaka Mwanza, akila mkate kama mtu anayekunywa dawa. Huko walimtoa damu, wakampitisha mpira wenye kamera kooni mpaka kwenye utumbo, wakakata vinyama vidogo vya kupimwa. Majibu yalipotoka walimwambia ana ugonjwa unaoitwa siliaki. Ndani ya ngano mna kitu kinaitwa gluteni, na mwili wake ulikuwa unakiona kama adui. Kila alipokila, askari wa mwili walipigana vita ndani ya utumbo wake mwenyewe na kuuharibu, na chakula kikawa kinapita bila kumfaa. Hauambukizi. Haukutumwa na mtu. Na hauna kidonge.

"Dawa yake ni kutokula," alisema daktari wa huko. "Ngano, shayiri na jamaa zake. Maisha yako yote. Hata chembe."

"Hata chembe?"

"Hata makombo yaliyobaki kwenye kisu."

Mkewe Gaudensia aliipokea habari ile kama mtu aliyeonyeshwa hatimaye mlango ambao mwizi alikuwa anapitia. Kwa miaka kumi na sita alikuwa amemchemshia mumewe mizizi na majani bila kujua anapigana na nini. Sasa alijua. Alinunua sufuria mpya na mwiko mpya, akavitundika peke yake. Aligundua kwamba kwenye mashine ya kusaga husagwa pia unga wa lishe, ambao ndani yake watu huchanganya ngano, basi akaanza kupeleka muhogo wake alfajiri kabla ya wateja wengine, na unga wa kwanza uliotoka aliwapa kuku. Yaliyobaki hayakuwa magumu. Nchi ya Waha ni nchi ya muhogo, mahindi, ndizi, viazi na maharage, na dagaa hupanda kutoka ziwani kila siku ya soko. Kama mtu hana budi kuumwa ugonjwa wa ngano, Gaudensia alisema, basi ashukuru kuumwa nao hapa.

Baada ya miezi minne Tharsisi aliongezeka kilo saba. Suruali zilizokuwa zimefungwa kwa kamba zikarudi kwenye mkanda. Kilichobaki kilikuwa ni hostia, ule mkate mwembamba wa komunyo.

Alikuwa anajua. Kwa miaka ishirini na miwili aliwauliza watoto, "Hostia hutengenezwa kwa nini?" na watoto walijibu kwa pamoja, "Kwa unga wa ngano na maji." Padre hufika kigangoni Jumapili moja kwa mwezi kusoma Misa, Jumapili nyingine Tharsisi mwenyewe huongoza ibada. Jumapili ya kwanza ya Misa baada ya Mwanza alijiambia kwamba Mungu hawezi kumdhuru kwa Mwili wa Mwanawe, akapokea. Jioni tumbo likajaa kama ngoma. Siku tatu alikuwa njia ya chooni, na vidonda vikamtoka mdomoni.

Mwezi uliofuata, watu walipojipanga kupokea, yeye alibaki kwenye benchi la mbele, amepiga magoti, kichwa ameinamisha, na kigango kizima kikapita mbele yake.

Gaudensia alimwambia siku ileile, "Mwambie padre. Si mlitufundisha kwamba Kristo yumo mzima katika mkate, na yumo mzima katika divai? Akupe divai."

"Mimi niombe divai?"

"Kwa nini usiombe?"

"Mama Nestori, unasahau habari ya Bazilio."

Bazilio alikuwa mwenyekiti wa kigango. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa anakunywa sana pombe ya ndizi, na ni Tharsisi aliyesimama mbele ya halmashauri ya kigango akayasema, mpaka mwenyekiti akasimamishwa kwa miezi mitatu. Bazilio aliacha kulewa, akarudishwa kwenye nafasi yake, lakini tangu siku ile wawili hao walisalimiana kwa heshima tu na kupita. Tharsisi aliona waziwazi itakavyokuwa: katekista, yule aliyekataza watu pombe, anainuliwa kikombe mbele ya wote, na Bazilio ameketi anatazama.

"Nitangoja kidogo," alisema. Mwezi ukapita, na wa pili, na wa tatu.

Kijijini, katekista asiyekomunika ana sababu moja tu, na sababu hiyo huvaa kanga. Watu walianza kuitafuta. Haikuwachukua muda.

Kila Alhamisi Tharsisi alikwenda parokiani Kibondo kwenye mkutano wa makatekista. Karibu na stendi kulikuwa na mjane mmoja, Mwanaheri, aliyetoka Ujiji akifuata biashara ya mumewe na kubaki Kibondo baada ya mumewe kufariki. Alikuwa anachoma vitumbua. Alhamisi moja Tharsisi alipita pale na harufu ya iliki na nazi ikamshika. Tangu Mwanza hakuwa ameonja kitu chochote chenye utamu wa kukaangwa. Alisimama.

"Mama, hivi ni vya mchele?"

"Mchele mtupu, baba. Karibu."

"Hukuweka ngano kabisa?"

Mwanaheri akamtazama vizuri. "Kidogo tu, kijiko kimoja. Vishikane."

Tharsisi akamweleza. Alikuwa hajawahi kumweleza mtu asiye wa nyumbani kwake, na alishangaa maneno yalivyotoka kwa urahisi. Mwanaheri alisikiliza huku akigeuza vitumbua kwa kijiti, mwishowe akasema, "Alhamisi ijayo njoo. Mchele nikiuloweka vizuri usiku mzima na kuusaga laini, hauhitaji ngano. Nilikuwa mvivu tu." Na Alhamisi iliyofuata alikuwa na kikaango kidogo pembeni, kipya, na sufuria ndogo ya uji wa mchele iliyofunikwa kwa kawa. Alimpa kigoda nyuma ya kibanda, mbali na meza aliyokandia maandazi, ili unga usimrukie.

Ikawa desturi yao. Hakumwambia Gaudensia. Kila alfajiri mkewe aliamka kumchemshia muhogo na kumsongea ugali kwa mwiko wake wa pekee, na kumwambia kwamba mjini kuna kitu kitamu zaidi kulionekana kwake kama ukosefu wa shukrani.

Mke wa Bazilio alikwenda mjini Alhamisi moja kununua chumvi na mafuta. Alimwona katekista ameketi nyuma ya kibanda cha mjane, anakula taratibu, na mjane anamwambia jambo, wote wawili wanacheka. Hakusema uongo wowote. Alieleza alichokiona tu.

Kwenye sala za jumuiya, wiki iliyofuata, mama mmoja aliomba kwa ajili ya ndoa zinazotikisika, akatulia kidogo, na Gaudensia alipofumbua macho aliona watu wawili wanamtazama. Wakati wa kurudi nyumbani jirani yake alimshika mkono akamwambia yote.

Gaudensia hakumuuliza mumewe. Jumatano alijifunga kanga safi, akapanda bodaboda kwenda Kibondo, akaulizia kibanda cha Mwanaheri. Alimkuta mwanamke mnene wa umri wake, mtandio umeteleza mabegani kwa joto la jiko, unga wa mchele hadi kwenye viwiko.

"Nipe vinne," alisema Gaudensia.

Alivila amesimama. Vilikuwa vitamu, na hilo lilimchukiza zaidi. Ndipo akaona kikaango kidogo pembeni kimefunikwa.

"Hicho mbona hukitumii?"

"Hicho si cha kila mtu. Kina mwenyewe. Yuko katekista mmoja wa huko vijijini, ana maradhi ya ngano, maskini. Hicho hakigusi kitu kingine."

"Anakuja kila siku?"

"Kila Alhamisi. Anakula sita, anamsifu mkewe, anaondoka."

Gaudensia aliacha kutafuna. "Anamsifu vipi?"

"Ah, mpaka nachoka. Mke wangu anaamka alfajiri kwenda mashineni. Mke wangu kaninunulia sufuria yangu. Mke wangu hivi, mke wangu vile. Nikamwambia, basi mlete nimfundishe vitumbua akupikie nyumbani, akasema anaona haya, atadhani chakula chake hakimtoshi." Mwanaheri aligeuza kitumbua, kisha akanyanyua macho polepole. "Wewe ni nani, dada?"

"Mimi ndiye mke wake."

Mwanaheri akavuta kile kigoda kutoka nyuma ya kibanda, akakifuta kwa upindo wa kanga. "Basi kaa," alisema. "Umekuja kunipiga?"

"Nilikuwa sijaamua."

Wote wawili wakacheka, kwanza kidogo, kisha mpaka Gaudensia akafuta machozi. Alikaa pale mpaka saa tisa. Alifundishwa kuloweka, kusaga, kupima hamira na nazi, na namna ya kujua mafuta yamepata moto bila kuyaunguza. Alipokuwa anaondoka Mwanaheri alimuuliza, "Dada, yeye aliniambia huko kanisani hali tena kile kimkate chenu. Padre wenu anajua kwa nini?"

"Hajui. Mume wangu anaona haya."

"Mwanamume huyu haya zitamuua kabla ya ngano."

Alhamisi asubuhi Tharsisi aliamka akakuta kwenye meza sahani ya vitumbua. Gaudensia alikuwa anamimina maji ya kunawa.

"Onja uniambie kama vimefikia vya Mwanaheri," alisema.

Alionja. Vilikuwa vimeungua kidogo chini na iliki ilikuwa imezidi. Alikula vyote. Kisha Gaudensia akamweleza yaliyosemwa kijijini, jina kwa jina, na Tharsisi alikaa ameshika kichwa, kwa sababu aibu yote aliyokuwa anaikimbia ilikuwa imemfikia kwa mlango mwingine, na ilikuwa imemgusa mkewe kwanza.

Jumamosi mchana Bazilio alikuja na wazee wawili wa halmashauri. Walikaribishwa ndani, wakaketi, wakaulizana habari za mvua na mbolea. Gaudensia akaweka sahani mbele yao. Bazilio akainua mkono.

"Mama, asante, lakini hatukuja kula. Katekista, tumekuja kwa jambo zito kidogo. Ni mwezi wa nne hupokei. Watu wanauliza, na sisi hatuna jibu. Tena kuna habari za huko mjini."

"Habari za mjini ziko hapo mezani," alisema Gaudensia. "Yule mama anampikia mume wangu vitumbua visivyo na ngano. Mimi nimekwenda kwake, nimekaa naye, amenifundisha. Hivyo nimevipika mwenyewe."

Wazee walitazama sahani.

Tharsisi akaanza. Ugonjwa wake walikuwa wameusikia juu juu, kwamba amekatazwa chapati, lakini hawakuwa wameuunganisha na altare. Alipofika kwenye hostia, Bazilio alimkatiza.

"Kidude chembamba vile?"

"Kilekile. Mara ya mwisho kilinipeleka chooni siku tatu."

"Na divai ina ngano?"

"Haina. Ni zabibu."

"Basi kwa nini usipewe divai?"

Tharsisi alitazama mikono yake. Angeweza kusema kwamba padre ana shughuli nyingi. Angeweza kusema utaratibu haumjui. "Kwa ajili yako, mwenyekiti," alisema. "Nilikusimamisha mbele ya watu kwa sababu ya pombe. Sasa nije ninywe mimi, mbele yako? Nilishindwa."

Nje kuku walikuwa wanaparuza chini ya dirisha. Bazilio alikohoa, akaweka kofia yake juu ya goti.

"Siku ile ulisema kweli," alisema. "Nilikuwa nakunywa vibaya. Nilikukasirikia mwaka mzima, kisha hasira ikaisha, nikabaki sijui nikuanze vipi. Mtu kulewa kilabuni na mtu kunyweshwa na padre altareni ni mambo mawili, katekista. Hata mimi nalijua hilo." Akaigeuza kofia gotini. "Na yaliyosemwa juu ya yule mama wa mjini, yalianzia nyumbani kwangu. Hilo nitalirekebisha mimi."

Kisha akanyoosha mkono, akachukua kitumbua. Wazee wengine wakafuata. Bazilio alikula vitatu na kusema kwamba cha katikati ndicho kizuri, hakikuungua.

Jumatatu walikwenda pamoja parokiani, Bazilio amempakia Tharsisi kwenye pikipiki yake. Padre Cyriaque alikuwa kijana, hajamaliza mwaka hapo Kibondo. Aliwasikiliza akiwa amesimama, kisha akaketi.

"Katekista," alisema, "miezi yote hii nilikuwa nakuona umebaki pale. Nikajiambia, ana jambo lake, nisimharakishe, atakuja kuungama mwenyewe. Nimekuombea kila Alhamisi mkiwa mkutanoni."

"Nisamehe, padre."

"Na mimi unisamehe. Ningekuuliza." Akainuka, akafungua kabati la sakristia, akatafuta nyuma ya mishumaa mpaka akatoa kikombe kidogo chenye mguu mfupi, kilichowahi kutumiwa na mmisionari aliyekuwa anasafiri vijijini. Alieleza kwamba Kanisa lina utaratibu kwa watu wa namna hii, na wapo duniani kote. Kikombe lazima kiwe cha peke yake, maana kwenye kikombe kikubwa padre humega kipande cha hostia na kukitia ndani. Tharsisi alikuwa amelijua hilo, na alikuwa amelifikiria usiku mwingi, lakini kulisikia kutoka kwa mtu mwingine kulimfanya alione dogo.

"Unataka watu waelezwe, au nikupe kimyakimya?" padre aliuliza.

"Waelezwe," Tharsisi akajibu. "Kimya kimeshaleta ya kutosha."

Jumapili ya Misa, baada ya mahubiri, Padre Cyriaque alieleza kwa maneno machache. Alisema katekista ana ugonjwa ambao hauruhusu ngano hata chembe, kwamba tangu leo atapokea katika umbo la divai, na kwamba aliyekuwa na maelezo mengine sasa anaweza kuyaacha. Bazilio, kwenye kiti chake, alitikisa kichwa kukubali, taratibu, kila mtu amwone. Mkewe alikuwa ameketi kando ya Gaudensia. Alikuwa amekwenda kwake Jumanne kuomba radhi, akakaa mpaka amechambua naye maharage yote ya jioni.

Tharsisi alikwenda wa kwanza, peke yake, kabla padre hajagusa hostia za watu. "Damu ya Kristo." "Amina." Divai ilikuwa kali na kidogo mno, hata haikujaza mdomo. Alirudi kwenye benchi, akapiga magoti, na safari hii hakuinamisha kichwa ili asionekane. Alijisikia kama mtu aliyetua mzigo wa kuni akawa bado anahisi alama ya kamba begani.

Nje ya kanisa Bibi Apoline, mkongwe kuliko wote kigangoni na mgumu wa kusikia, alimshika Bazilio mkono na kumuuliza kwa sauti iliyofika hadi barabarani, "Mwenyekiti, huo ugonjwa wa kunywa divai wanapima wapi? Nami tumbo langu si zuri." Watu walicheka sana, Tharsisi kuliko wote, na bibi akacheka pia bila kujua kwa nini.

Tangu hapo mambo yalijipanga. Nyumba anazotembelea zimejifunza. Wachumba wanamwekea ndizi za kuchemsha, misibani kuna sahani yake ya viazi imefunikwa kawa. Wapo wanaosahau, na wapo wanaomwambia kwamba chapati moja haiui. Naye huwaambia kwamba kweli haiui, ila itamlaza, nao watakuwa wanamwongoza yeye badala ya yeye kuwaongoza. Huenda hivyo. Mwanaheri na Gaudensia hutumiana iliki na maharage kwa dereva yeyote anayepita.

Mwezi uliopita mwanamke kutoka ng'ambo ya bonde alifika asubuhi na binti yake wa miaka kumi na minne, mwembamba, macho makubwa.

"Mwakeye," alisalimia kwa Kiha kutoka uani, na alipokwisha kukaribishwa alisema, "Katekista, nimesikia ulikuwa kama huyu. Nimemkatalia ngano tangu jana."

"Mrudishie," alisema Tharsisi.

"Nimrudishie?"

"Ukimwachisha kabla ya kupimwa, daktari anaweza asione kitu. Tena tumbo lina magonjwa mengi, mama. Langu lilikuwa moja tu kati ya hayo. Alhamisi nakwenda mjini. Njooni twende."

Walikwenda. Hospitalini mganga wa zamu alianza na vipimo vya kawaida, na jibu likatoka siku ileile: binti alikuwa na safura, minyoo imemnyonya damu. Akapewa vidonge na dawa ya kuongeza damu, akaambiwa avae viatu shambani. Kabla ya kuondoka mama yake alimnunulia andazi stendi, binti akalila lote akitembea.

Jioni Tharsisi alimsimulia mkewe akiwa ananawa mikono.

"Afadhali yake," alisema.

"Afadhali yake nini?"

"Atapona, ataendelea kula chochote anachotaka."

Gaudensia aliweka ugali mezani, na bakuli la maharage yaliyoungwa kwa mawese. "Na wewe unakosa nini?"

Tharsisi alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofundisha watoto kufikiri kabla ya kuungama. "Mkate," alisema. "Ule wa kuchovya kwenye chai."

"Huo tu?"

"Huo tu."

"Basi si haba," alisema Gaudensia, akamega tonge.